Hapana ya Mdomo Haina Rufaa

Shule nyingi huku Tana Delta hazimkatai mtoto mwenye ulemavu. Zinasema tu "mwakani." Mlete mwakani, mama. Acha akomae kidogo. Jaribu kwanza shule ya wenzake. Tunangoja mwalimu wa hayo mambo. Sisi hatujamkataa, lakini si unaona mwenyewe darasa lilivyojaa? Mzazi anapewa kiti, anapewa pole, halafu anapanda bodaboda na mtoto wake anarudi alikotoka. Mwaka unaofuata anakuja tena. Mwalimu mkuu amehamishwa, na huyu mpya hana habari ya ahadi yoyote ya mwakani.

Hoja yangu ni fupi na naiweka hapa juu, ili hata mwenye bando la kuisha aondoke nayo. Shule ya umma ikimnyima mtoto mwenye ulemavu nafasi au huduma aliyoombewa, iandike. Karatasi moja yenye tarehe, sababu, sahihi na muhuri. Bila hiyo karatasi, kila tunachokisema kuhusu elimu jumuishi ni hadithi ya kupitisha jioni.

Nasema haya kwa sababu ya kazi yangu. Nina saiba ndogo Garsen mjini. Watu huja kwa PIN ya KRA, kwa cheti cha kuzaliwa, kwa fomu za HELB, kwa fomu za basari. Na huja kwa barua. Huku mwenye kompyuta na printa ni karani wa mtaa, utake usitake. Nimetaipu barua za mipaka ya shamba, za ng'ombe walioingia kwenye mahindi, za mahari iliyorudishwa nusu, za mshahara wa kibarua uliokatwa. Nimetaipu barua ya mtu anayemshtaki jirani kwa sababu ya jogoo.

Barua ya kupinga uamuzi wa shule kuhusu mtoto mwenye ulemavu sijawahi kuimaliza hata moja. Tunaianza, tunakwama. Mama anakaa kwenye kiti cha plastiki, mtoto amemlalia pajani, ananiambia, "Mwanangu, andika kwamba wamemkataa." Nauliza: ni nani aliyekataa, mama? "Mwalimu." Yupi? "Yule mnene, sijui kama ni naibu." Lini? "Shule zilipofunguliwa." Alisema nini hasa? "Alisema tumlete mwakani." Basi hapo vidole vyangu vinasimama kwenye kibodi. Mwakani haina mashtaka. Ofisi yoyote itakayosoma barua ile itajibu kwa adabu zote: basi subiri mwakani.

Na si kwamba sheria haipo. Wakenya tuna sheria kama tulivyo na makanisa na misikiti. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwenye taasisi za elimu zilizochanganyika na jamii, kadiri inavyomfaa yeye mwenyewe, na haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli na njia nyingine za mawasiliano. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, inakataza kumbagua mtoto wakati wa kumsajili, na ulemavu umetajwa humo kwa jina. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ikatoa sera nzima ya wanafunzi wenye ulemavu, ikisema mwelekeo wa nchi sasa ni elimu jumuishi. Mwaka 2025 tukapata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003.

Hata ngazi ya malalamiko ipo. Sheria ile ya 2013 iliunda Bodi ya Elimu katika kila kaunti. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi, kifungu cha 93 kinampa Jopo la Rufaa za Elimu. Na juu ya hapo kuna Mahakama Kuu, ambayo ina kituo hapahapa Garsen, mwendo wa miguu kutoka kwenye meza yangu. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema mtu hatatozwa ada ya kuanzisha kesi ya kudai haki zake za msingi. Kwa karatasi, mama yule na mtoto wake wanaweza kutembea mpaka mahakamani bila senti.

Sasa itazame ngazi hiyo vizuri. Jopo linasikiliza rufaa dhidi ya uamuzi wa bodi. Bodi nayo itauliza uamuzi wa shule. Mahakama itauliza kama ulipita kwenye bodi na jopo kabla ya kuja kwake, na imeshafukuza wengi walioruka ngazi. Kila mlango unakuuliza karatasi ya mlango uliotangulia, na mlango wa kwanza kabisa, ule wa ofisi ya mwalimu mkuu, hautoi karatasi. Ngazi ni ndefu na nzuri, ila kidato cha chini kimeng'olewa. Anayeweza kuruka ni yule mwenye wakili au mwenye jina. Mama wa Tarasaa au Wema haruki. Anarudi nyumbani.

Kuna kitu kinaniudhi zaidi. Sheria hiyohiyo inasema mzazi ambaye, baada ya kuandikiwa notisi na bodi, anakaa na mtoto nyumbani bila sababu ya maana, anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Mzazi, kabla hajaadhibiwa, anaandikiwa notisi. Haki kabisa. Mtoto, kabla hajanyimwa shule, anaandikiwa nini?

Watu wa ofisini wana jibu lao la haraka: wazazi wa huku wanaficha watoto. Ni kweli kuna wanaoficha. Aibu ipo, imani za laana zipo, na kuna boma ambapo mgeni anahesabiwa watoto watano kumbe ni sita. Lakini fikiria mzazi aliyeshinda aibu yake, akamtoa yule wa sita, akamvika sare ya kuazima, akampeleka shule mbele ya macho ya kijiji kizima, kisha akaambiwa mwakani. Huyo akimrudisha ndani, utamtoa tena kwa maneno gani? Kila "mwakani" inafunga milango ya nyumba kumi zilizokuwa zinachungulia kuona itakuwaje.

Nataka niseme kitu kuhusu walimu, kwa sababu najua wengi wenu mnaosoma hapa ni watoto wa walimu, na pengine mmeshaanza kukasirika. Mwalimu anayesema mwakani mara nyingi si mtu mbaya. Ana darasa limejaa mpaka mlangoni. Hana mafunzo ya usonji wala mtindio wa ubongo. Choo cha shule kina ngazi mbili na shimo. Serikali inatoa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma, na kwa mwenye mahitaji maalum inaongeza 2,300. Gawanya hizo 2,300 kwa siku za mwaka: shilingi sita na ushee kwa siku. Haifiki bei ya andazi. Kwa hela hiyo mwalimu anatarajiwa apate msaidizi, vifaa, na nepi za mtoto asiyejizuia. Mtu akishikwa na kazi kama hiyo, "mwakani" inamtoka yenyewe.

Lakini hapo ndipo karatasi inamfaa mwalimu kuliko mtu yeyote. Kifungu cha 44 cha sheria ile ya 2013 kinambebesha Waziri, si mwalimu mkuu, jukumu la kuhakikisha kwamba shule yenye wanafunzi wenye mahitaji maalum inapata walimu waliofunzwa, wafanyakazi wengine, majengo na vifaa. Mwalimu mkuu akiandika, "Sijampokea mtoto huyu kwa sababu sina mwalimu wa lugha ya ishara, niliomba tarehe fulani, sijajibiwa," ameuhamisha mzigo kutoka mgongoni mwake na kuuweka kwa mwenyewe. Karatasi hiyo ni risiti ya deni la serikali. Zikusanye karatasi hamsini kutoka Tana Delta, ziweke juu ya meza ya bodi kule Hola, na kwa mara ya kwanza kaunti itajua inadaiwa walimu wangapi, wa nini, na wapi. Leo haijui, kwa sababu "mwakani" haihesabiki. Haiingii kwenye mfumo wa takwimu za wanafunzi. Mtoto ambaye hakusajiliwa hana namba, na asiye na namba hana bajeti. Kisha mwaka ujao bajeti ikija ndogo, tunaambiwa ni kwa sababu watoto wenyewe ni wachache.

Mwalimu anayesema kwa mdomo anaikinga serikali kwa mwili wake. Hilo tu ndilo ninalomlaumu nalo.

Halafu kuna ugomvi wa aina nyingine, ambao hauna mbaya wala mzuri, na huo ndio unaonishughulisha zaidi. Chukua msichana kiziwi wa miaka minane. Shule ya karibu inasema: hatuna anayejua ishara, hapa atakaa tu anaangalia midomo, aende shule ya viziwi ya bweni, kama Kibarani kule Kilifi, akapate lugha na wenzake. Mama anasema: mtoto wangu hajawahi kulala nje ya nyumba hii, huko mbali akiguswa na mtu ataniambia kwa lugha gani, na mimi sijui hata ishara moja? Shule iko sawa. Mama yuko sawa. Kwa kiziwi, lugha ni chakula, na mtoto aliyekosa lugha mapema analipa maisha yake yote. Na hofu ya mama kuhusu mabweni si ushamba, mnasoma magazeti kama mimi.

Ugomvi kama huo hauishi kwa amri. Unaisha watu wakikaa. Pengine mtoto aende bweni na mama afundishwe ishara za kwanza hamsini, apewe jina na namba ya matroni, nauli ya kumtembelea kila katikati ya muhula ipatikane mahali. Pengine akae nyumbani mwaka mmoja na mtu mzima kiziwi kutoka eneo hili aje darasani mara tatu kwa wiki. Kuna suluhu sita au saba kati ya "mpeleke mbali" na "kaa naye," lakini hazionekani watu wawili wakiwa wamesimama mlangoni, mmoja anaangalia saa na mwingine anaangalia chini.

Na kukaa tunajua. Huwezi kuwa mtu wa Tana ukasema hujui kukaa. Kwa vizazi na vizazi Wapokomo wanalima kandokando ya mto na Waorma wanaleta mifugo kunywa, na kati ya mashamba kuna malka, njia za mifugo kufika majini. Mifugo ikikanyaga mahindi, wazee wa Gasa upande wa Wapokomo na wazee wa Matadheda upande wa Waorma wanakaa, wanapima hasara, wanakubaliana. Pale vikao viliposhindwa tuliona kilichofuata: kati ya Agosti 2012 na mapema 2013, kuanzia Riketa, zaidi ya watu 100 waliuawa kwenye delta hii. Sisemi shule ni malka. Nasema huku kwetu hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba ugomvi usio na pa kukaliwa haupotei, unahamia mahali pengine. Ugomvi wa shule na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu unahamia ndani ya nyumba, unakaa kimya na mtoto kwenye mkeka.

Ajabu ni kwamba ng'ombe mmoja akiingia kwenye mahindi ya mtu, wazee watakaa siku hiyohiyo, pengine mpaka jua lizame. Mtoto akitolewa kwenye shule, hakuna anayeitisha hata kikao cha dakika kumi.

Sitaki kuwapamba wazee pia. Wana tabia ya kutafuta amani kwa kumkata aliye mdogo zaidi kwenye kikao. Kwa mahindi sawa, mahindi yana bei. Elimu ya mtoto haina bei ya kupatanishwa, kwamba basi mama apewe mbuzi na mwalimu aombwe radhi na tusahau. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inaruhusu upatanisho na njia za kijadi, na papo hapo inazikataza kwenda kinyume na haki za msingi. Mahakama ikatoa sera yake ya mifumo mbadala ya haki mwaka 2020 kwa msimamo huohuo. Kwa hiyo wazee waje, wasaidie watu kusemezana, lakini kama mtoto asome au asisome si swali la kuwekwa mezani. Swali ni asome wapi, vipi, na nani alete kinachokosekana.

Wenzetu Marekani walifika hapa mapema. Mwaka 1975 walipitisha sheria iliyoilazimu kila shule ya umma impokee mtoto mwenye ulemavu na imwandalie mpango wake mwenyewe wa masomo. Wengi wanaoisifu sheria hiyo wanasifu mawakili na kesi. Mimi mawakili wao siwataki. Kule mzazi tajiri anapata kila kitu na maskini anapata foleni, wenyewe wanalalamika. Lakini mna vitu viwili vidogo ndani ya utaratibu wao ambavyo ningeviiba kesho asubuhi. Cha kwanza: shule ikikataa ombi la mzazi kuhusu tathmini au mahali pa mtoto, lazima imwandikie, na lazima iseme kwa nini. Cha pili: ugomvi ukiendelea, mtoto anabaki darasani alipokuwa mpaka uishe. Wakubwa wagombane, yeye anasoma. Hivyo viwili havihitaji utajiri wa Marekani. Vinahitaji kalamu na aibu kidogo.

Tena cha kwanza tunacho tayari, na hapa ndipo huwa napandwa na hasira. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu kinasema mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Imeandikwa hivyo, kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 ya kutekeleza kifungu hicho inaongeza kwamba ukiomba sababu na ukanyimwa, uamuzi utachukuliwa kuwa ulifanywa bila sababu ya maana, mpaka mwenye kuufanya athibitishe vingine. Yaani kimya cha ofisi kinahesabiwa dhidi ya ofisi. Tuna silaha hiyo kwa zaidi ya miaka kumi na tumeiacha kabatini ikiota kutu, kwa sababu hakuna aliyemwambia mama wa Wema kwamba neno la kumwambia mwalimu si "nisaidie." Neno ni "niandikie."

Kwa hiyo ninachotaka ni hiki.

Kila shule ya umma katika Tana Delta iwe na fomu ya ukurasa mmoja. Jina la mtoto. Mzazi ameomba nini. Shule imejibu nini. Kwa sababu gani. Shule inakosa nini, na imeomba kwa nani, lini. Mzazi asiporidhika aende wapi. Sahihi mbili, muhuri, nakala mbili: moja ya mzazi, moja inaenda kwa afisa wa elimu. Mwalimu atumie dakika kumi, basi.

Kisha ndani ya wiki mbili watu wakae, hukuhuku, si Hola. Hola ni karibu kilomita mia kutoka Garsen, na mvua ikinyesha kama ile ya El Nino mwishoni mwa 2023, kilomita hizo zinaweza kuwa bahari. Kikaoni awepo mzazi, mwalimu wa darasa, mtu wa bodi ya shule na afisa wa EARC, vile vituo vya tathmini vilivyoanza mwaka 1984, ili mtu azungumze kuhusu mtoto akiwa amempima, si kwa kumwangalia usoni. Awepo mtu mzima mwenye ulemavu kama wa mtoto, ambaye amesoma au amenyimwa, kwa sababu anajua asichojua mwingine yeyote pale. Kizungumzwe Kipokomo, Kiorma, Kigiriama, lugha yoyote ya mzazi, na Kiswahili kifuate. Na mtoto aulizwe, hata kama jibu lake ni kunyoosha kidole. Wakikubaliana iandikwe, wasipokubaliana iandikwe pia, ipande Hola. Muda wote huo, kama mtoto alikuwa darasani, abaki darasani.

Najua pingamizi, nimezisikia zote kwenye saiba.

Wanasema wazazi wengi hawajui kusoma, karatasi itawasaidia nini. Jamani. Mama asiyejua herufi moja ananiletea kadi ya kliniki ya mtoto wa miaka kumi na minne, imefungwa kwenye nailoni mara tatu, haina hata kona iliyokunjika. Hawezi kuisoma lakini anajua kazi ya karatasi kuliko wewe mwenye digrii. Mpe karatasi ya shule uone kama itapotea.

Wanasema barua itaharibu uhusiano, mwalimu atamchukia mtoto. Hofu hiyo naiheshimu, maana mama ndiye anayemwacha mtoto pale asubuhi. Lakini barua inaumiza inapokuwa silaha ya mtu mmoja. Ikiwa fomu ya kila mtu, haimuumizi yeyote. Ukituma pesa kwa M-Pesa unapata ujumbe wenye kiasi, tarehe na saa, na hakuna aliyewahi kumnunia wakala kwa sababu ya ule ujumbe. Tumezoea tu kwamba shilingi hamsini inastahili uthibitisho na mtoto hastahili.

Wanasema walimu wataandika uongo, kwamba mtoto ana fujo, mtoto hafundishiki. Waandike. Uongo wa mdomo haushikiki, wa karatasi una tarehe na sahihi ya mwenyewe. Sheria ya 2003 ilikuwa inakataza kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu wake tu, kama ana uwezo wa kujifunza yale masomo, na ndani ya hiyo "kama" wamepitishwa watoto wengi nje ya geti, bila mtu kuulizwa aliupima uwezo huo kwa kipimo gani. Afrika Kusini serikali ilijitetea mahakamani kwa hoja za namna hiyo kuhusu watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Western Cape ikaikatalia: nao ni watoto, haki ya elimu ni yao pia. Lakini ilibidi kwanza hoja hiyo isemwe waziwazi, iandikwe, ndipo jaji apate cha kuipasua. Hoja inayonong'onwa getini haipasuliwi na mtu.

Na wanasema, haya, je, fomu ikipatikana na mwalimu bado hayupo, choo bado kina ngazi? Ndiyo, inawezekana. Karatasi haijengi choo. Ila sasa kuna mtu anayejulikana anayedaiwa choo, na kuna mama mwenye hati ya deni. Huku Garsen nimeona madeni madogo kuliko hayo yakilipwa kwa sababu tu mtu alikuwa na kikaratasi.

Wewe unayesoma hii, pengine uko Nairobi au Mombasa, una shangazi kijijini mwenye mtoto ambaye kwenye picha za Idi au Krismasi huwa haonekani. Mpigie. Usimuulize mtoto anaendeleaje, atakwambia salama. Muulize walipompeleka shule waliambiwa nini, na nani, na siku gani. Andika majibu kwenye simu yako. Halafu muhula ukifunguliwa mpeleke pale shuleni, au mtume ndugu mwenye ulimi, akamwamkie mwalimu mkuu kwa heshima zote, akae kwenye kile kiti, na akisikia neno "mwakani," atoe kalamu mfukoni na aseme: sawa, mwalimu, nimekuelewa, sasa tafadhali niandikie.